Diski Moja, Kompyuta Mbili

SWALI: Napiga video za harusi hapa Mchikichini. Nahariri kwa Windows, lakini mwenzangu wa Kariakoo anatumia Mac. Akichomeka diski yangu ya nje, video anaziona ila hawezi kuweka chochote ndani. Je, diski imeharibika?

JIBU: Diski yako ni nzima, ndugu yangu. Yaelekea imefomatiwa kwa NTFS, mfumo wa Microsoft wa kupanga mafaili. Mac huusoma, lakini yenyewe haiwezi kuuandikia.

Fundi akikushauri uifomati upya kwa mfumo wa FAT32, mkatalie. Inasomeka karibu kila mahali, hata kwenye televisheni za zamani, lakini haipokei faili moja linalofika GB 4, na video ya ukumbini hupita hapo kabla hata keki haijakatwa. Chagua exFAT, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2006. Windows na Mac zote huisoma na kuiandikia. Linux nayo inaielewa yenyewe tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019.

Ila kufomati hufuta kila kitu! Kwanza nakili video zote kwingine, kisha fungua mafaili kadhaa uhakikishe yanacheza. Harusi ya watu hairudiwi.

Jambo jingine: exFAT haiweki rekodi ya mabadiliko kama NTFS, hivyo umeme ukikatika katikati ya kunakili, mafaili huharibika kwa urahisi zaidi. Iondoe diski kwenye mfumo kabla ya kuchomoa waya, na kazi ya mteja iwe na nakala ya pili kwenye diski nyingine mpaka aichukue.