Dondoo muhimu: Bloku la Land Rover ya zamani

Ukiletewa bloku lililolala uani Handeni, au gofu la Land Rover ya enzi za mashamba ya mkonge Korogwe, sugua bloku kwanza kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Usitumie tupa, itafuta namba. Tarakimu zilizovimba ni za kalibu. Namba ya injini imegongwa ikazama, na hiyo ndiyo ya kulinganisha na kadi ya gari.

Kisha siti za valvu. Injini za petroli za Series I, 1948 hadi 1958, zina valvu za egzosi ndani ya bloku lenyewe. Za kuingiza ziko kwenye silinda hedi. Kwa hiyo siti ya egzosi ikipasuka, kubadili hedi hakusaidii. Mulika tochi, tafuta ufa kuelekea silinda. Vishimo vidogo husagika. Ukiona ufa, mpelekee fundi wa mashine kabla hujatoa hela.