Amri ya Saba na Dhahabu Isiyokuwepo

Mwaka 1997, kampuni ya madini ya Bre-X ya Kanada ilifilisika. Ilikuwa imetangaza dhahabu tele huko Busang, Indonesia. Kumbe sampuli za mwamba zilitiwa dhahabu kutoka kwingine. Ukweli ulithibitishwa na wakaguzi huru waliochoronga mwamba upya. Wafilisi walipokabidhiwa hesabu, kilichobaki hakikutosha kuwafidia wawekezaji, ikiwemo mifuko ya pensheni ya walimu.

Tunajifunza nini? Amri ya Saba haikatazi wizi tu. Inadai pia kurudisha kilichoibwa. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne (Lk 19:8), naye alikuwa na cha kurudisha. Bre-X ilikaguliwa kwa kuchelewa, ikawa haina. Mtaalamu wa fedha, hata awe hodari namna gani, hawezi kutibu kidonda kilichofichwa.

Kwetu, Kanuni ya 537 ya Sheria za Kanisa inataka kila parokia iwe na baraza la uchumi. Tusidhani ni kumshuku paroko: linamlinda yeye pamoja na sadaka ya mjane.

Tujiulize: hesabu za jumuiya yetu hukaguliwa na nani asiyezishika mwenyewe?