Mguu Ukiumia, Tufanye Nini?

Jembe likivunjika mpini, utakwenda porini kukata mpini mwingine. Lakini mguu ukiharibika, hakuna mti wa kuukata. Miguu ndiyo inayotupeleka shambani, kisimani, sokoni na kwenye uwanja wa mpira. Ukilala ndani na mguu mbovu wakati wa palizi, magugu hayakusubiri.

Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kutunza mguu na nyonga. Tutajifunza pia mambo ya kufanya mtu akiumia.

1. Jinsi mguu ulivyoungwa

Tuanze juu. Nyonga ni kiungo kinachounganisha paja na kiuno. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo kama mpira. Kimekaa ndani ya shimo lililo kama kikombe. Mfupa wa paja ni mrefu kuliko mifupa yote ya mwili. Chini yake kuna goti, kisha muundi, kisha kifundo cha mguu.

Mifupa hushikwa pamoja na kano. Kano ni ngumu kama kamba. Kano zikivutwa kupita kiasi au zikichanika, tunasema mguu umeteguka. Mfupa ukipasuka au ukikatika, mguu umevunjika.

2. Mguu ukiteguka

Tuseme unarudi kutoka porini na mzigo wa kuni. Unakanyaga shimo, na mguu unapinda. Kifundo kinauma na kinaanza kuvimba. Jirani mmoja anasema mguu uvutwe. Mwingine analeta maji ya moto na mafuta ya kuchulia. Wote wanakutakia mema. Lakini ndani ya mguu kuna vimishipa vya damu vilivyopasuka. Joto na kuchua huzidisha damu kuvuja, na uvimbe huongezeka. Tena, kama mfupa umevunjika, kuuvuta ni kuuharibu zaidi.

Fanya mambo haya 4:

(a) Pumzisha. Tua mzigo. Usiukanyagie mguu ulioumia. Tumia fimbo, au shika bega la mwenzako.

(b) Poza. Lowesha kitambaa kwa maji baridi ya mtungini, ukiweke penye uvimbe kwa dakika 15 hadi 20. Rudia kila baada ya saa 2 au 3, kwa siku 2 za mwanzo. Ukipata barafu, izungushie kitambaa kwanza. Barafu tupu huunguza ngozi.

(c) Funga. Tumia bendeji au kipande cha khanga. Anza karibu na vidole, upande juu kupita kifundo. Usikaze sana. Vidole vikiwa vya baridi, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, legeza mara moja.

(d) Inua. Lala, uweke mguu juu ya mito au nguo zilizokunjwa. Mguu uwe juu kuliko kifua.

Kwa siku 2 au 3 za mwanzo usiuchue mguu, wala usiukande kwa maji ya moto. Usinywe pombe, kwa sababu nayo huongeza uvimbe.

3. Umeteguka au umevunjika?

Si rahisi kujua kwa macho. Nenda kituo cha afya au hospitali ukiona moja ya dalili hizi:

– Huwezi kutembea hata hatua 4, ingawa kwa kuchechemea.
– Ukibonyeza mfupa wenyewe, unauma sana.
– Mguu umepinda, au umekuwa mfupi kuliko mwenzake.
– Kuna jeraha, na mfupa unaonekana.
– Mguu umekufa ganzi au umekuwa wa baridi.

Hospitali watapiga picha ya eksirei ili kuona mfupa. Usiogope kwenda. Mfupa uliowekwa vizuri mapema huunga vizuri. Mfupa uliounga vibaya humwacha mtu kilema.

4. Mguu ukivunjika

Usimwinue mgonjwa haraka. Kama damu inatoka, kandamiza penye jeraha kwa kitambaa safi. Kama mfupa umetokeza, usiukandamize wala usiurudishe ndani. Ufunike kwa kitambaa safi, na ukandamize kandokando yake tu.

Usiunyooshe mguu kwa nguvu. Ufunge ulivyo. Tafuta mbao au fito 2 zilizonyooka, uzizungushie nguo. Ziwe ndefu kupita viungo vya juu na chini ya mahali palipovunjika. Zifunge kwa vitambaa, lakini usifunge fundo juu ya mahali penyewe. Kama hakuna fito, ufunge mguu mbovu pamoja na mguu mzima. Tazama vidole mara kwa mara njiani. Mguu uliokazwa mno hukosa damu, nao unaweza kuoza hata ukakatwa.

Mbebe mgonjwa kwa machela au kitanda. Usimpe chakula wala kinywaji, maana huenda atahitaji kupasuliwa.

Jihadhari sana na paja. Mfupa wa paja ukivunjika, damu inaweza kuvuja ndani zaidi ya lita 1 bila kuonekana nje. Mgonjwa akitoka jasho baridi na kulegea, maisha yake yako hatarini. Mwahisheni.

5. Nyonga

Mzee akianguka, hata pale mlangoni tu, asiweze kusimama, msiseme, "Ni uzee." Tazameni miguu yake. Kama mmoja ni mfupi na wayo wake umegeukia nje, yamkini mfupa umevunjika karibu na nyonga. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kijana aliyeanguka na pikipiki anaweza kuchomoka nyonga. Hapo mguu huwa mfupi, na mara nyingi goti hugeukia ndani. Nyonga hurudishwa na daktari, tena katika saa chache za mwanzo. Kuchelewa huua mfupa.

Mtoto anayechechemea, anaumwa nyonga na ana homa, naye apelekwe upesi, hata kama hakuanguka.

6. Kurudi kazini

Mguu ulioteguka usilazwe wiki nzima. Baada ya siku 2 au 3, maumivu yakipungua, anza kuuchezesha. Kaa kwenye kiti, inua mguu, uandike herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Anza na a, e, i, o, u. Kisha andika jina lako. Kwa njia hii kifundo hugeuka pande zote.

Ukiweza kusimama bila maumivu makali, simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Hesabu hadi 30. Fanya hivyo kila siku kwa wiki kadhaa. Mguu uliowahi kuteguka huteguka tena kwa urahisi, na zoezi hili huupa nguvu.

7. Kinga

– Fukia mashimo ya njiani na uondoe visiki.
– Usiruke mtaro ukiwa na mzigo.
– Msimu wa kulima ukianza, ongeza kazi kidogo kidogo.
– Kabla ya mpira, kimbieni polepole na kunyoosha viungo kwa dakika 10 au zaidi.
– Mchezaji aliyeumia atoke uwanjani. Asirudishwe kwa sababu timu inafungwa.
– Ndani ya nyumba ya mzee, ondoa vitu vya kumkwaza, na uwashe taa usiku.

Ndugu msomaji, kumbuka: pumzisha, poza, funga, inua. Usivute, usichue. Mfundishe na jirani yako asiyejua kusoma.

Maswali

1. Kwa nini hatuchui mguu siku ileile ulipoteguka?
2. Taja dalili 3 za kumpeleka mtu hospitali.
3. Kwa nini tunatazama vidole baada ya kufunga mguu?
4. Kazi ya darasa: fungeni mguu wa mwenzenu kwa khanga na fito 2. Mwulizeni kama vidole vina ganzi.