Tume ya Katiba na Watu Wanne wa Kijiji

Jamaa nyingi zisikiapo neno Tume ya Katiba hudhani ni shauri la wakubwa waketio mbali. Yafaa tueleze jinsi tume ya namna hiyo inavyoundwa na kuendeshwa, tukiitazama ile ya Jaji Joseph Warioba, iliyoapishwa Aprili 2012, mwaka ule ule Kakonko ilipomegwa kutoka Kibondo ikawa wilaya.

Kwa sheria ya 2011, Rais wa Jamhuri ya Muungano aliteua wajumbe kwa kukubaliana na Rais wa Zanzibar. Walikuwa 30, nusu wa Bara na nusu wa Zanzibar, juu yao Mwenyekiti na Makamu, ambao hawakuruhusiwa kutoka upande mmoja. Mbunge na diwani hawakustahili kuwamo. Sharti jema hilo: ashikaye mizani asiwe ndiye muuza mahindi.

Tume ilizunguka wilaya zote ikisikiliza watu mikutanoni na kupokea maandishi yao. Rasimu ya kwanza ilitoka 3 Juni 2013, ikapelekwa kwenye mabaraza ya wilaya ili wananchi waipime.

Hapa twaomba mtutegee sikio. Huku Bara mkutano wa kijiji ulichagua watu wanne: mzee, mwanamke, kijana, na mwananchi mwingine yeyote. Majina hayo yalikwenda kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, nayo ikateua wanne tu kwa kata nzima, ila Dar es Salaam wanane. Basi kata yenye vijiji vinne ilipeleka watu 16, na 12 wakarudi mashambani. Ni nani aliyeongoza kamati hiyo? Diwani, mtu wa chama, ambaye tena aliingia barazani kwa cheo chake. Sheria iliyomfungia mlango wa Tume ilimfungulia dirisha la Baraza! Twaona hiyo ilikuwa kasoro kubwa, kwa kuwa mama aliyeaminiwa na kijiji chake aliweza kuachwa na watu wachache ambao kijiji hakikuwapa kazi hiyo.

Rasimu ya pili ilikabidhiwa 30 Desemba 2013, ikipendekeza serikali tatu. Bunge Maalumu la 2014 likarudisha mbili. Kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 iliahirishwa, wala haijapigwa.