Manifoldi Isiyokaa Mahali Pake
Somo kwa mafundi wa motokaa

Fundi aliyekwisha kufunga hedi za injini ya V8 huona kwamba kazi kubwa imepita. Pistoni zimekaa, vali zimesagwa, na hedi zimekazwa barabara. Kilichobaki ni kuweka manifoldi, yaani lile bomba lenye matawi ambalo hupitisha hewa na petroli kutoka kwenye kabureta mpaka katika silinda. Ndipo mambo hukwama. Bolti za upande mmoja huingia kwa shida, na za upande wa pili zakataa kabisa, kwa kuwa tundu la manifoldi na tundu la hedi hayaonani. Wengi hapo huchukua tupa wakapanua matundu ya manifoldi, au hupachika bolti kwa nguvu ya spana mpaka zikauma. Injini hiyo itawaka, na pengine itakwenda siku kadhaa, lakini ugonjwa umekwisha kuingia ndani.

Mfano mzuri wa jambo hili ni injini ndogo ya V8 ya Chevrolet, iliyotolewa Marekani mwaka 1955. Injini hiyo imetengenezwa kwa mamilioni, na vijana wa Marekani wameifungua na kuigeuza kuliko karibu injini nyingine yoyote, ili wapate mwendo zaidi. Njia moja ya kuiongezea nguvu ni kukwangua uso wa chini wa hedi kwa mashine, ili chumba cha moto kipungue na mchanganyiko wa hewa na petroli ubanwe zaidi. Tena hedi hukwanguliwa kwa sababu nyingine isiyo ya anasa: injini ilipata moto kupita kiasi, hedi ikapinda, nayo haina budi kunyoshwa.

Hedi ikikwanguliwa, haishuki chini tu. Silinda za injini hiyo zimesimama safu mbili zilizoinama, kila moja digrii 45 kutoka wima, na hedi hufuata mwelekeo wa silinda zake. Kwa hiyo kila hedi hushuka, na papo hapo husogea ndani kuelekea mwenzake. Tuseme kila hedi imekwanguliwa milimeta 0.75. Itashuka milimeta 0.53, na itasogea ndani milimeta 0.53. Nafasi baina ya hedi mbili imepungua zaidi ya milimeta moja. Nayo manifoldi imekaa katikati kama kabari ya mpasua kuni, pana juu na nyembamba chini. Mbao mbili zikikaribiana, kabari husukumwa juu. Ndiyo sababu matundu ya manifoldi huonekana yako juu ya matundu ya hedi, wala si kosa la aliyeyatoboa.

Kukwangua uso wa bloku huleta matokeo yale yale, na pia kuweka gasketi ya hedi iliyo nyembamba kuliko ya kwanza. Yote hayo hujumlishwa pamoja. Gasketi nene hufanya kinyume: hedi hutengana, manifoldi huzama, na matundu yake huwa chini ya yale ya hedi. Basi kabla ya kushika tupa, fundi hutazama tundu la bolti na kujua habari za injini ambayo pengine aliifungua mtu mwingine miaka mingi iliyopita.

Lakini kuna jambo la kuhakikisha kwanza, nalo huwapotosha hata mafundi wazuri: je, manifoldi hiyo ni ya hedi hizo? Katika hedi za Chevrolet za tangu 1955, manifoldi ilifungwa kwa bolti 12. Kuanzia 1987 bolti nne za katikati zilibadilishwa mwinamo, hata manifoldi ya zamani ikakaa vizuri juu ya hedi mpya isipokuwa pale katikati tu. Kisha mwaka 1996 zikaja hedi ziitwazo Vortec, zenye bolti nane tu. Mtu aliyeokota hedi hapa na manifoldi pale aweza kupima siku nzima ugonjwa usiokuwapo.

Ikiwa vitu ni vya jamii moja, kazi ni kupima. Manifoldi huwekwa kavu, pamoja na gasketi zake za pembeni, lakini bila mpira wala gundi ya silikoni mbele na nyuma. Uso wa hedi hupakwa masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo; manifoldi iwekwapo na kuinuliwa, alama zitaonyesha mahali inapogusa. Halafu vibati vyembamba vya kupimia nafasi hupitishwa juu na chini ya kila uso. Nafasi ikiwa sawa juu na chini, hedi zilikwanguliwa sawasawa, na kilichoharibika ni kimo tu. Ikiwa pana upande mmoja, mashine ilikata mshazari, na manifoldi itabidi ikatwe kwa mwinamo uo huo.

Ukwanguaji wa robo milimeta mara nyingi humezwa na gasketi. Ukizidi hapo, dawa ni kuipeleka manifoldi kwa mwenye mashine. Kwa injini hiyo ya Chevrolet, kila milimeta moja iliyotoka katika hedi hudai milimeta 1.23 katika kila uso wa pembeni wa manifoldi, na milimeta 1.71 chini ya ncha zake za mbele na nyuma. Katika mfano wetu wa milimeta 0.75, pembeni hukatwa 0.92 kila upande, na chini ya ncha 1.28. Ncha zikisahauliwa, manifoldi itatua juu ya bloku kabla haijagusa hedi, na hakuna bolti itakayoiziba. Hesabu hizi hazifai kila V8. Injini ya Range Rover ya 1970 nayo ina silinda zilizoachana digrii 90, lakini mwinamo wa nyuso za manifoldi hubadili hesabu, kwa hiyo fundi hupima yake. Kama manifoldi imezama kwa sababu ya gasketi nene ya hedi, hakuna cha kukata. Hutafutwa gasketi nene za manifoldi.

Yako mambo mawili yanayosahauliwa baada ya kukata. Distributa ya injini hiyo hukalia manifoldi, na ncha ya shafti yake ndiyo inayozungusha pampu ya oili. Manifoldi ikishuka, distributa hushuka nayo, ikaweza kukandamiza shafti ya pampu. Vijibati huwekwa chini ya shingo ya distributa mpaka shafti iweze kuinuliwa kidogo kwa vidole. Asiyefanya hivyo hubakiza manifoldi nzuri akaua injini kwa kukosa oili. La pili ni maji: maji ya kupoza injini hupita katika manifoldi, na yakivuja kuelekea ndani huingia katika oili, nayo hugeuka rangi kama chai ya maziwa.

Bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda ncha, kwa kuvukavuka, katika mizunguko mitatu, mpaka nguvu ya futi-ratili 30 hivi. Hedi za aluminiamu huchunika nyuzi upesi, kwa hiyo spana ya kupimia si ya kukosa.

Gari likitoa moshi wa buluu na plagi zikalowa oili ijapokuwa pistoni ni mpya, huenda manifoldi inanyonya oili kutoka chini, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi huziba mabomba ya kupumulia ya injini, huiacha iunguruma taratibu, kisha huweka kiganja juu ya tundu la kutilia oili. Injini nzima husukuma kiganja kidogo. Ikikivuta, manifoldi haina budi kufunguliwa tena.