Mchwa Katika Nyumba Yako: Mfahamu Kabla ya Kununua Dawa

Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo. Ukweli wa methali hiyo huonekana wazi zaidi katika kazi ya mchwa. Mdudu mmoja, mdogo kama punje ya mchele, hawezi kutikisa hata ubao wa dirisha. Lakini jamii yake, ikifanya kazi usiku na mchana pasipo kupumzika, huweza kuila fremu ya mlango, kenchi za paa na kabati la nguo, huku mwenye nyumba akipita hapo kila siku bila kuona lolote.

Kwa familia nyingi nyumba ndiyo akiba ya maisha yote. Ndiyo maana mtu akiona udongo ukipanda ukutani hukimbilia dukani kununua dawa yoyote atakayoonyeshwa. Hunyunyizia, mchwa hutoweka kwa wiki chache, kisha hurudi. Hununua tena, nao hurudi tena. Mara nyingi kosa haliko katika uchache wa dawa, bali katika kutomfahamu mdudu. Katika somo hili tunaeleza mchwa ni nani, jamii yake inaishije, na namna ufahamu huo unavyoweza kulinda nyumba yako, afya yako na fedha zako.

Mchwa ni mdudu wa aina gani?

Watu wengi humdhania mchwa kuwa ndugu wa sisimizi na siafu, kwa kuwa wote huishi kwa makundi makubwa. Kisayansi sivyo. Jamaa wa karibu wa mchwa ni mende. Sisimizi ana kiuno chembamba na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko. Mchwa hana kiuno kinachoonekana, na vipapasio vyake vimenyooka kama uzi wa shanga ndogo. Kumbikumbi, yaani mchwa wenye mabawa, wana mabawa manne yenye urefu ulio sawa. Sisimizi mwenye mabawa ana mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma.

Tofauti hii ina faida kwa mnunuzi. Chambo cha sukari kilichotengenezwa kwa ajili ya sisimizi hakitaondoa mchwa. Tena sisimizi na siafu ni miongoni mwa maadui wakubwa wa mchwa, hivyo kuwaua ovyo kuzunguka nyumba ni kumwondolea mchwa anayemla.

Duniani zipo takriban spishi 3,000 za mchwa, na ni chache tu kati yake zinazoharibu majengo. Zilizo nyingi hula nyasi kavu, majani yaliyoanguka, samadi na miti iliyokufa, na kwa kazi hiyo hurutubisha udongo na kufungua njia za maji ya mvua kupenya ardhini. Kumbikumbi ni kitoweo kwa watu wengi, na uyoga uotao juu ya vichuguu baada ya mvua ni zao la mchwa pia. Lengo letu basi si kumfuta mchwa katika ardhi, bali kumzuia asiingie ndani ya nyumba.

Jamii moja, mwili mmoja

Ndani ya kiota cha mchwa kila mmoja ana kazi yake. Vibarua ndio walio wengi. Ni weupe, laini, na kwa kawaida hawaoni. Wapo madume na majike. Hao ndio hutafuta chakula, hujenga, hulea watoto na kuwalisha wenzao wote. Askari wana vichwa vikubwa na mataya makali ya kulinda kiota, lakini mataya hayo hayawawezeshi kula wenyewe, hivyo hulishwa na vibarua. Katikati ya kiota, ndani ya chumba chenye kuta ngumu, hukaa malkia na mfalme. Malkia wa mchwa wajengao vichuguu vikubwa huvimba tumbo hata akawa na urefu wa kidole cha mtu, na huweza kutaga maelfu ya mayai kwa siku moja. Tofauti na nyuki dume, ambaye hufa mara baada ya kujamiiana, mfalme wa mchwa huishi pamoja na malkia wake.

Mchwa wajengao vichuguu ni wakulima pia. Hula miti na majani, na kwa kinyesi chao hujenga masega ambayo juu yake huotesha kuvu. Kuvu hiyo huyeyusha sehemu ngumu za mti ambazo mchwa hawezi kuzimeng'enya, kisha mchwa hula masega hayo.

Katika giza la kiota mchwa huongozana kwa harufu na kwa mitikisiko. Kibarua aliyepata chakula huacha alama ya harufu njiani, na wenzake huifuata. Askari wakishtuka hugonga vichwa vyao kwenye kuta ili kutoa tahadhari. Tena mchwa hulishana kinywa kwa kinywa na kulambana miili, hivyo kitu alichokibeba mmoja hufika kwa wengi kwa muda mfupi. Tafadhali lishike jambo hili la mwisho, maana ndilo msingi wa udhibiti wa kisasa.

Kwa nini dawa ya juu juu hushindwa

Mchwa unaowaona kwenye ukuta ni sehemu ndogo ya jamii. Walio wengi, pamoja na malkia, wako chini ya ardhi, pengine makumi ya mita kutoka nyumbani kwako. Dawa inayoua papo hapo huangamiza walio mbele tu. Waliobaki huziba njia ile, hujenga nyingine, na malkia hufidia waliokufa.

Mafuta ya taa na oili chafu nazo hazifiki kiotani. Huongeza hatari ya moto na kuchafua udongo na maji. Kuchimba kichuguu na kumtoa malkia huweza kufaulu pale chumba chake kinapopatikana, lakini si dhamana. Baadhi ya jamii huwa na malkia zaidi ya mmoja au huweza kupata mrithi, na mchwa walio ndani ya nyumba huweza kutoka katika kiota kilichojificha chini ya ardhi kisicho na kichuguu kabisa.

Kwa sababu hiyo wataalamu hutumia zaidi njia mbili. Ya kwanza ni dawa isiyonusika na inayoua polepole, kama zile zenye fipronili au imidaklopridi, inayotiwa kwenye udongo kuzunguka msingi. Mchwa hupita ndani yake bila kujua, na huweza kuwaambukiza wenzake kabla hajafa. Ya pili ni chambo: mchwa hukila, hukipeleka kiotani na kuwalisha wengine. Njia hizi hazionyeshi matokeo siku hiyo hiyo. Anayekuonyesha mchwa waliokufa baada ya dakika kumi hajakuthibitishia kwamba kiota kimekufa.

Dalili za kutazama

Kagua nyumba yako walau mara mbili kwa mwaka, hasa kabla na baada ya mvua. Tazama yafuatayo:

1. Vijia vyembamba vya udongo kwenye msingi, kuta, nguzo au nyuma ya kabati. Vunja kipande kidogo; kikijengwa upya baada ya siku chache, mchwa wangali hai.
2. Mbao zinazotoa sauti ya uwazi zikigongwa, au rangi iliyobonyea juu ya fremu.
3. Mabawa yaliyoanguka kwenye vizingiti vya madirisha. Kumbikumbi wanaofuata taa kutoka nje wakati wa mvua si jambo la kutisha. Wanaotoka katika ufa wa sakafu au ukuta ni onyo kubwa.
4. Chembechembe kavu kama mchanga chini ya samani au dari. Hicho huweza kuwa kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, wanaopatikana zaidi maeneo ya pwani. Hao huishi ndani ya mbao yenyewe na hawahitaji udongo. Kumwaga dawa kwenye msingi hakuwagusi.

Kinga wakati wa kujenga

Wakati mwafaka wa kumzuia mchwa ni kabla ya kumwaga zege la jamvi, kwa kuwa udongo wote ungali wazi. Ondoa visiki na mizizi kwenye kiwanja. Usiache chini ya sakafu vipande vya mbao za kufungia zege, maana ni karamu uliyoiandaa mwenyewe. Udongo ulio chini ya jamvi na kando ya msingi utiwe dawa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Hakikisha mbao hazigusi ardhi, na maji ya mvua, ya bafu na ya mabomba yanayovuja hayatuami karibu na ukuta, kwa kuwa mchwa hupenda unyevu. Usirundike kuni, matofali au kifusi ukutani. Acha sehemu ya chini ya ukuta ionekane.

Kiini cha mninga na cha mvule kina uwezo wa asili wa kumpinga mchwa. Mbao laini, kama za msonobari, zinahitaji dawa. Hapa mnunuzi awe macho, kwa maana rangi ya kijani si ushahidi wa dawa. Dawa iliyoingizwa kwa mgandamizo hupenya ndani ya mbao; iliyopakwa hubaki juu. Omba ubao mmoja ukatwe katikati, si mwishoni, uone kama rangi imeingia katika sehemu nyeupe ya mbao.

Unaponunua dawa au huduma

Nchini Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kabla hujalipa, uliza na upate majibu kwa maandishi:

1. Dawa inaitwaje, kiambato chake ni kipi, na namba yake ya usajili ni ipi?
2. Je, lebo inataja mchwa na matumizi ya majengo?
3. Je, mtoa huduma ana kibali cha kazi hiyo?
4. Atatumia lita ngapi za mchanganyiko kwa kila mita? Linganisha jibu na lebo. Anayezunguka nyumba nzima kwa bomba moja la mgongoni hajatia dawa kwenye udongo, ameulowanisha tu.
5. Dhamana ni ya muda gani, na mchwa wakirudi atafanya nini?

Jihadhari na ahadi ya dawa ya kudumu maisha yote. Dawa za zamani kama dieldrini na klorideni zilidumu ardhini kwa miaka mingi mno, na kwa sababu hiyo hiyo zilidhuru watu na viumbe wengine. Zimo katika orodha ya kemikali zilizopigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Dai risiti, na uhifadhi picha ya lebo. Bila hivyo itakuwa vigumu kukusaidia utakapoleta malalamiko.

Usalama kwanza

Mchwa huharibu mbao. Dawa ikitumiwa vibaya huharibu uhai. Usinunue kamwe dawa ya kupimiwa katika chupa ya maji au ya soda. Haina lebo, na mtoto hawezi kuitofautisha na kinywaji. Soma utepe wa rangi ulio chini ya lebo: mwekundu huonyesha sumu kali kabisa, kisha hufuata njano, buluu na kijani. Usimwage dawa karibu na kisima. Fipronili kwa mfano ni hatari sana kwa samaki na nyuki. Watoto, wanyama na vyakula viondolewe kabla ya kazi kuanza, na familia irudi baada ya muda ulioandikwa kwenye lebo.

Mtu akimwagikiwa na dawa, avuliwe nguo zilizolowa na aoshwe kwa sabuni na maji mengi. Akiimeza, asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na lebo ya dawa hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Jirani yako ameua mchwa wote waliokuwa kwenye fremu ya mlango. Kwa nini hawezi kusema amemaliza tatizo?
2. Umeona chembechembe kavu chini ya kitanda cha mbao, lakini hakuna kijia cha udongo popote. Je, utalipia dawa ya msingi?
3. Fundi anasema, "Dawa yangu ni siri ya kampuni." Utamjibu nini?

Ukiweza kuyajibu maswali haya, umekwisha kujikinga kwa sehemu kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: saa moja ya kukagua nyumba leo ni nafuu kuliko paa jipya kesho. Kijia cha udongo ukikiona, usikimbilie dukani. Kifuate kwanza ujue kinatoka wapi, ndipo uamue fedha yako iende wapi.