Maumivu ya Nje ya Nyonga

Maumivu ya upande wa nje wa nyonga, yazidiyo mtu alaliapo ubavu huo au apandapo ngazi, zamani yalidhaniwa kuwa ni uvimbe wa kifuko cha ute. Sasa yafahamika kuwa chanzo, mara nyingi, ni kudhoofika kwa kano za misuli ya matako, zibanwapo juu ya nundu ya fupa la paja.

Katika uchunguzi wa Australia wa wagonjwa 204, uliotangazwa mwaka 2018, waliopata nafuu baada ya majuma 8 walikuwa asilimia 77 ya waliopewa mafunzo na mazoezi, 58 ya waliodungwa sindano ya steroidi, na 29 ya walioachwa wangoje.

Basi mgonjwa asikae amekunja nne, wala asielemee mguu mmoja asimamapo. Alalapo, aweke mto kati ya magoti. Na misuli iimarishwe hatua kwa hatua.